Zege Lina Kiu

Gereji yangu Shimanzi, sakafu imechakaa,
ufagio hauwezi, vumbi tena limejaa,
nati ndogo siku hizi ikianguka, balaa:
mashimo yana tamaa, vyuma vyote yavimeza.

Baba aliimimina kwa beleshi na karai,
kokoto nzuri hakuna, chumvi mchangani hai,
wakamaliza mchana kwa mahamri na chai.
Simlaumu, sidai, ndivyo alivyojiweza.

Mdogo wangu Shekuwe akaja na karatasi:
“Epoksi, nayo iwe yang'aa kama fanusi,
ajitazame mwenyewe, mteja na lake basi.”
Akataja na fulusi, nikabaki kujikaza.

Nikavuka kwa jirani, Dzombo mziba rejeta.
Rangi yake ya kijani ilimeta, ilimeta;
kufika mwezi wa Juni ikavimba, ikatota.
Kwa ukucha nikavuta, yote ikajilegeza.

Fundi alilaumiwa, akalilaumu kopo,
muuza naye akawa alaumuye upepo;
Dzombo pesa keshaliwa, risiti ingali ipo,
ukutani iko hapo, kila siku yamkwaza.

Ndipo nikampigia Kadzo, fundi wa sakafu.
Hakuja kunisomea orodha iliyo ndefu;
chini akainamia, akavuta na harufu,
akagonga kwa sarafu, sikio akalilaza.

Kipande cha nailoni akakibandika pale,
kwa utepe pembezoni, hewa isipite mle:
“Usikanyage, jamani, hadi kesho, na tulale.”
Shekuwe mwenye kelele alicheka, akabeza.

Asubuhi kufungua, matone yamejipanga!
Na haikunyesha mvua, kavu lilikuwa anga;
maji chini yapumua, yakipanda kwa mchanga.
Kadzo, bila ya kuringa, jambo akatueleza:

“Mkifunika kwa rangi, maji hayakosi njia.
Kisiwa, maji ni mengi, chini yanatusikia.
Vigae? Jeki ni nyingi, siku moja vitalia;
nyundo ikivishukia, vipande mtaviuza?

“Zege hili lina kiu, msilivike mavazi.
Tulisage hapo juu, mashine ifanye kazi;
dawa si ya bei kuu, linywe mpaka mizizi.
Haing'ai kama mwezi, ila vumbi lanyamaza.”

Shekuwe akanong'ona, “Watasema tuna dhiki;
kijivu, watatuona hata rangi hatutaki.”
Nikajibu, “Wakinena, maneno hayaniziki.
Waja kwa gia na breki, si sura kujitengeza.”

Siku tatu tulifunga, hapana aliyekuja,
mashine kama ya unga ikasaga moja moja.
Kadzo puani kafunga leso yenye neno “Ngoja”.
Kukatokea pamoja kokoto za kupendeza,

na vipande vya makome, vyeupe mithili meno.
Ndugu yangu, mwanamume, akapitisha mkono,
akatafuta aseme, akakosa hata neno.
Ya baba yale mavuno, sote tuliyapuuza.

Dawa ikaja kwa ndoo, nyeupe kama maziwa.
Zege kumbe lina koo, lanywa bila kuambiwa!
Halikuwa la kioo; kijivu, gumu likawa.
Msumari ukatiwa, na ncha ikateleza.

Nati sasa ikishuka hulia, nasi twaona;
oili ikimwagika twafuta, doa hapana;
asidi ikidondoka, kovu litaonekana.
Hilo Kadzo alinena, na bei hakupunguza.

Jana Dzombo alikuja, viatu ameshavua.
“Ingia, hapana haja, hapa ni kazi, wajua.”
Akaweka guu moja, kisha la pili katua,
sarafu akaibua, akagonga, akawaza.