Nyota ya Nne

Mwezi ule nilishona mataifa kumi na tisa
kwa cherehani moja, kibarazani, Mtaa wa Mchikichi.
Nayajua kwa upindo, siyajui kwa miguu.
Ghana ni rahisi, mistari mitatu na nyota.
Msumbiji inaniumiza kichwa, ile bunduki, lile jembe.
Na yetu sisi ndiyo ngumu kuliko zote,
maana mshazari hauna huruma:
ukikosea kona moja weusi unapinda,
njano inabana kama sketi ya mwaka juzi.

"Kwa nini hawakuchagua mistari ya kulala?"
Chande aliniuliza, mdomo umejaa pini.
Nikamwambia, waliochagua hawakuwa mafundi.

Mashindano ya kuimba yalikuja na wageni wake.
Ukuta wa njia ya uwanja wa ndege ukapakwa rangi
upande unaoonekana.
Gesti ya Magomeni, jana elfu kumi na tano,
ikaamka elfu sitini na shuka jipya.
Madereva wa bajaji wakasema bonswa,
wakasema mersi, bei wakataja kwa vidole.
Mama Siwema wa chapati akabandika karatasi:
HAPA TUNAPENDA NCHI ZOTE.
Chini yake, kwa kalamu nyingine: hatukopeshi.

Jumatano akaja mwanamke wa Nzuani,
Moinaecha, shiromani kichwani,
kuchukua bendera mbili alizoagiza.
Aliongea chake, nikajibu changu,
maneno yakajuana kama watoto wa mama wadogo.
Bendera moja alishona Chande akitazama simu.
Ya pili nilishona mimi, kwa kichwa.
Akaikunjua, akahesabu kwa kidole:
moja, mbili, tatu.
Akahesabu tena.
"Fundi, nyota ni nne."
Nikajitetea: nilivyosikia mimi, mna visiwa vitatu.
Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.
"Vitatu tunaviishi," akasema. "Cha nne tunakishona."
Akalipia ya Chande. Yangu akaniachia.

Jumamosi usiku runinga ilitolewa nje,
waya ukapita dirishani kwa muuza vitenge.
Sheria ya shindano ilikuwa moja:
nchi yako huruhusiwi kuipigia kura.
Stumai wetu wa Mbagala alipopanda jukwaani
tulipiga kelele hadi mbwa wa Gerezani wakajibu,
lakini simu zilibaki mikononi kama sahani tupu.
Ukikatazwa kujichagua
ndipo unaanza kujiuliza unampenda nani.

Muuza vitenge aliwapa Kongo, kwa ajili ya gitaa,
na labda kwa ajili ya vitenge.
Nairobi wakatupa alama mbili.
Tulitukana dakika kumi nzima,
kisha zikasomwa zetu kwao: moja.
Kimya.
Mtu akacheka nyuma, karibu na mtaro,
na mtaa wote ukamfuata.

Nilikuwa na vocha ya elfu mbili.
Binti wa Komoro aliimba wimbo mfupi,
sauti ikamkatika mara moja, hakuificha.
Nikatuma namba yake. Nikatuma tena.
Nikatuma mpaka simu ikaniambia salio halitoshi.
Chande alikuwa begani kwangu.
"Fundi, umeiuza nchi?"
"Nalipa deni. Geuza uso."

Wao walikuwa wa kumi na moja. Stumai wa sita.
Alipotajwa nililia, nami sikuwa nimempa hata kura,
kwa sheria.

Jumatatu gesti ilirudi elfu kumi na tano, shuka lilelile.
Mvua ilinyesha kwenye karatasi ya Mama Siwema,
ikafuta nusu ya juu,
ikabaki hatukopeshi.
Wageni wameondoka na picha za ukuta.
Sasa nashona sare za shule, kaptula za kaki,
mifuko, mifuko, mifuko.

Bendera zilizobaki zimo kwenye boksi la viatu,
ile ya kosa juu kabisa.
Hakuna aliyeiagiza. Hakuna atakayeilipia.
Nimekata kitambaa cheupe, pembe tano,
nimevaa miwani,
nimetia uzi kwenye tundu la sindano,
ukakataa, ukakataa,
mara ya tatu ukakubali.