Gurudumu la Nne

Ngoie Kapepula alileta lori ndani ya soksi,
soksi ya shule, ya kijivu, iliyotoboka kisigino,
akalimwaga juu ya kitambaa changu cha saa.
"Njo ya baba," akasema. "Beyi gani?"

Siku hizi Kamalondo wananijua hivyo:
fundi saa aliyeishiwa saa,
anayepima motoka zisizozidi kidole.

Nilianza na mkono, kabla ya lenzi.
La bandia huwa jepesi, lina haraka ya kupendwa.
Hili lilikaa kiganjani kama deni.
Nikaligeuza tumbo juu:
ribiti mbili, vichwa havijaonja nyundo ya pili.
Parafujo ingekuwa uongo. Hapakuwa na parafujo.
Herufi za kiwanda zilikuwa na kingo kali,
si zile za kunakiliwa, zilizovimba
kama uso wa mtu aliyelala vibaya.
Nikanusa. Usicheke:
rangi ya zamani hainuki kitu,
ya juzi hunuka duka.

Kijani cha bodi, sawa.
Mlango wa kushoto, hapana:
wekundu wa rangi ya kucha,
umepakwa na mkono wenye haraka, au wenye furaha.
"Bibi alikuwa na chupa moja tu," Ngoie akasema,
"baba akaimaliza. Walinuniana mpaka Pasaka."

Kwa mlango huo mnunuzi hukata theluthi.
Sikumwambia bado.

Magurudumu matatu, mpira wake wa kuzaliwa nao,
umekauka, unatoa unga mweusi.
La nne lilikuwa shaba.
Shaba tupu, iliyochongwa kwa tupa;
mtu alihesabu meno ya tairi, moja, moja,
akakosea mwishoni,
akabana mawili mahali pa moja.
Baba yake alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Babu ndiye aliyekitoa kile kipande kazini,
akapita nacho langoni, mbele ya walinzi,
chini ya ulimi.

Halafu lenzi ikaona nilichokuwa nakiogopa.
Juu ya boneti, nyufa,
nyembamba kama za udongo wa Septemba.
Ni risasi.
Si ya bunduki, ingawa tumezoea kudhani hivyo;
ile nyingine, madini, tone lililoponyoka
likaingia chunguni siku ile walipomimina zinki huko ng'ambo,
zinki yenyewe labda ya Kipushi, nani ajuaye,
iliyokwenda ikiwa jiwe, ikarudi ina honi.
Miaka sitini tone hilo linakula, halipigi kelele.
Dawa hakuna. Ukavu huchelewesha tu.

Nilimwambia yote. Ndiyo kazi.
Nikamwambia pia, nimeshusha sauti,
kwamba kwenye kopo langu la peremende
lipo gurudumu la kiwanda kile kile, mwaka ule ule,
na mnunuzi, yule wa hotelini, hatajua.

Akalitazama kopo.
Akatazama nje, dohani refu
lililosahau moshi.
"Weka lako," akasema. "Langu nipatie."

Ekseli ilibisha kidogo, ikakubali.
Ngoie aliifuta ile shaba kwa pindo la kitenge,
akaitia chini ya ulimi,
akaondoka bila kuniaga.
Angeniagaje?

Usiku nikaandika cheti.
Lori la kijani, halisi.
Mlango wa kushoto, umepakwa upya.
Ugonjwa wa zinki, umeanza.
Gurudumu la nne,
hapo kalamu ikasita, nikainywesha wino ambao haikuuomba,
nikasikia saa tatu za watu wengine zikigombana ukutani.
Si lake, nikaandika.
Maneno mawili, dola arobaini.

Mnunuzi alikisoma cheti mara mbili.
Akaliviringisha lori mezani, likaenda sawasawa,
sawasawa mno.
"Na lake," akauliza, "liko wapi?"
Nikatazama saa, mojawapo ya zile zinazotembea.
"Limeshafika Katuba," nikasema.