Ramani kwenye Ungo

Jina langu ndilo lililomsimamisha mlangoni.
"Tausi?" akarudia, kama mtu aliyesikia
sauti ya mama yake katika soko la ugenini.
Ndiyo, Tausi Mligo, wodi ya wazazi.
Baba alimwona ndege huyo kwenye ua wa meneja, Korogwe,
enzi za umanamba, akakata mkonge misimu mitatu,
akarudi Ilembula na blanketi moja na jina.

Daktari Berivan alikuja kwetu miezi sita
kutoka Celle, Ujerumani. Ukungu wetu wa Juni
haukumtisha.
"Kwetu Wayazidi," alisema, "mkuu wa malaika ni Tausi.
Kwa ajili yake tumechinjwa mara sabini na nne,
kwa hesabu ya bibi zetu."
Alisema huku akitafuta soli za gumbuti zake.

Kanga ya buluu niliyomzawadia
aliipokea kwa mikono miwili,
akairudisha kwa mikono miwili.
Nikamletea nyeupe.
Alfajiri nilimkuta nayo nyuma ya jiko la hospitali,
analielekea jua likitokea upande wa Makambako,
midomo inacheza. Nikapita na ndoo yangu.

Jumapili akaja nyumbani, nachambua maharage:
soya njano na kablanketi, yamechanganyika.
Akauliza kama anaweza kuniharibia kazi.

Njano, walipo.
Kablanketi, walipokuwa.

Njano ya kwanza katikati: Lalish, bondeni,
ambako kizingiti hakikanyagwi
na viatu hungoja nje ya kijiji kizima.
Kandokando, Sheikhan. Bashiqa, penye mizeituni.
Kisha magharibi, Shingal, mlima uliolala peke yake
kama ng'ombe tambarare. Hapo mkono ukawa mzito:
njano, kablanketi, njano, kablanketi, kablanketi.
Kocho hakuiwekea kitu.
Aliubonyeza ungo kwa kidole.

Kaskazini, Uturuki, vijiji vya babu zake,
kablanketi tupu, na njano mbili:
wazee waliokataa kuondoka.
Afrin alishika njano, akasita, akabadilisha.
Armenia, chini ya Aragats, wachunga kondoo
ambao mababu zao walivuka mto usiku.
Tbilisi.
Kisha ungo ukaanza kuwa mdogo:
Celle ukingoni, Oldenburg ukingoni,
Nebraska ikadondoka mkekani,
Australia akaiweka juu ya goti langu.

Kiganjani zikabaki chache, mchanganyiko.
"Hizi ni za kwenye mahema, Duhok.
Miaka kumi chini ya turubai.
Sijui niziweke rangi gani."

Nikamuuliza kwao hasa ni wapi.
Akatoa mfukoni kidonge cha udongo, ukubwa wa kunazi,
udongo wa Lalish uliokandwa kwa maji ya chemchemi yake.
Hakukiweka kwenye ungo.
Alikirudisha mfukoni.

Hapo akatokea mama mkwe, Sekinyaga,
mtu asiyevumilia maharage yaliyolala.
"Kamwene," akasema, akanyanyua ungo,
akapepeta. Mara mbili tu.
Shingal ikaangukia Tbilisi.
Nilipiga ukelele. Berivan akacheka,
akacheka, kisha ikawa si kicheko.

Nikamweleza mama kwa Kibena.
Alinyamaza muda wa kuosha sufuria.
Akachagua kablanketi moja, akaiweka chini, nje ya ungo,
upande wa kilima.
"Mwambie huko ndiko mahame yetu.
Walituhamisha mwaka wa Operesheni, nyumba wakazichoma.
Mifyulisi bado inazaa. Nani anakula, sijui."
Berivan aliitazama ile punje,
akauliza ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu.

Usiku tulikula. Chumvi ilizidi.

Alishaondoka nilipofagia chini ya kinu
nikakuta moja, njano.
Huenda ni Nebraska. Huenda ni Sheikhan.
Nilikirudisha kinu taratibu,
nisije nikaisaga.