Herufi Yenye Wimbi

Kila Machi, orodha ya shule ikichapishwa,
watoto wa ukoo wetu walikuwa mkiani,
nyuma ya Zevallos, nyuma ya Zúñiga,
kwa kuwa programu haikuijua Ñ,
N iliyobeba wimbi dogo kichwani.
Sweta zilipogawiwa Huancavelica, kwenye baridi ile,
saizi ndogo zilikuwa zimekwisha.
Nami, Saturnina Ñahui, karani,
niliwapandisha kwa kalamu, mmoja mmoja,
mwaka wa kumi na moja.

"Lakini programu hii ni huria," alisema Yésica
wa chumba cha kompyuta. "Ifungue utazame."
Nilidhani huria ni bure tu, kama maji ya mvua:
unakinga ndoo, unashukuru.
Sikujua kwamba unaruhusiwa kupanda paani
ukaziba tundu.

Usiku wa kwanza sikuandika kitu.
Nilisoma, kama mtu aingiavyo nyumba ya watu:
viatu vinavuliwa wapi,
nani hukaa kiti kipi,
mtungi umefunikwa na nini.
Faili moja lilikuwa na kichwa, *Wageni anzieni hapa*.
Nikaanzia hapo. Nikakwama hapo.
Siku tatu nilijiona mjinga.
Siku ya nne Yésica akacheka:
"Si wewe, ni maelezo. Andika ulipokwama.
Kizingiti hakimkwazi mwenyeji,
mguu wake ulikwisha kukizoea."

Basi kazi yangu ya kwanza haikuwa ile herufi.
Ilikuwa sentensi moja:
*Kabla ya hili, sakinisha lile.*
Maneno matano. Niliyatuma saa saba usiku,
nikafunga kompyuta
kama mtoto aliyepiga hodi akatimua mbio.

Jibu lilitoka Brno, kwa mtu aitwaye Ludvík Hrubeš:
*Asante. Imeingia. Una jingine?*

Nilikuwa nalo.
Nilikuwa nalo la miaka kumi na moja.

Alilirudisha mara mbili.
Mara ya kwanza: umegusa mistari arobaini,
tatizo liko katika mmoja.
Mara ya pili: jaribio liko wapi?
Niliandika jibu kali, tena refu, la kumweleza
mimi ni nani na nimeteseka kiasi gani.
Nikalala. Asubuhi nikalifuta,
nikaandika jaribio:
Navarro, Núñez, Ñahui, Ochoa.
Wakajipanga wenyewe, kimya,
nami nikasimama jikoni na kikombe mkononi
bila kukumbuka nilifuata nini huko.

Kisha akaniandikia, safari hii si kwa ufupi wake:
*Kwetu Ch ni herufi moja, hukaa baada ya H.
Programu imeikosea tangu siku niliyoianza.
Kila Septemba namsogeza Chalupa kwa mkono.
Nyumba nimeijenga mimi, na nimezoea kuvuja kwake.
Utanisaidia?*

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimelisema neno hilo tangu utotoni
nikidhani mwenyeji anaumwa njaa ya habari tu.
Kumbe ameshika ndoo usiku kucha
chini ya tundu lake mwenyewe,
na aibu ya kumwita jirani.

Jana mtu wa Yakutsk ameuliza,
kwa woga, kwa samahani tatu katika sentensi moja,
kama mstari wa pili wa maelezo ya wageni
ni mbovu, au ni yeye.
Mstari ule niliuandika mimi.
Ni mbovu.
Nimemwambia aurekebishe, nitamsubiri.

Na Edilberto Ñahui, miaka sita,
leo amesimama katikati ya foleni,
kati ya msichana wa Núñez na pacha mmoja wa Ochoa,
amepata sweta linalomtosha mabega.
Hajui lolote.
Anajikuna shingo.
Sufu mpya inawasha.