Mvuke Hauna Bei

Saa kumi na nusu, Mwaloni Kirumba,
dagaa hawajaanza kupimwa kwa ndoo,
nawasha jiko ubavuni mwa jabali
lililokuwa hapa kabla ya soko, kabla ya jina la soko.
Mkaa unakohoa. Nami nakohoa.
Tumeshasalimiana.

Buni inatoka kwetu ng'ambo, Kamachumu.
Nimeikaanga jana kwenye kikaango cha mama,
si nyeusi ti kama wafanyavyo wavivu
(weusi ule huficha punje mbovu),
bali rangi ya kiatu cha mwalimu
asubuhi ya Jumatatu.

Jina la mtu hunitoka. Niulize anakunywaje.

Nyanjige wa dagaa hataki sukari.
Anataka kashata mbili, moja anatafuna,
ya pili anaifunga kwenye pindo la khanga:
"Hii ya mtoto."
Mtoto ana miaka thelathini, yuko Geita, ana ndevu.

Byabato mpakiaji husubiri birika liinamishwe,
anataka tope la chini, lile zito,
analitafuna kama ugali.

Na Kulwa, fundi wa injini za mitumbwi,
alikuja na maziwa ya pakiti.
Siku hiyo benchi zima lilinyamaza kimsiba,
mzee mmoja akahama na kikombe chake.
Sasa ni mwaka. Mzee yule huomba tone
akidhani sioni.

Tangawizi natia. Iliki sitii,
iliki ni ya pilau, na hapo ndipo tunapogombana.
Hamduni wa Igogo amechoka kubishana:
huja na punje tatu katika kipande cha gazeti,
huzipasua kwa meno juu ya kikombe
akinitazama usoni.

Lakini nilitaka kumsema Luhende.

Miaka ishirini na sita chini kwenye mitambo ya meli,
akitoka huko masikio yake yamebaki huko.
Kahawa alikunywa wima, vikombe vitano,
kila kimoja pumzi moja,
kisha anakirudisha kifudifudi: tak.
Mwezi wa pili daktari wa Bugando
alisoma karatasi, akavua miwani, akasema:
hata tone.

Siku tisa hakuonekana.
Nilijua ni tisa kwa kile kikombe chenye pengo,
nilichokuwa nakiosha kikiwa safi.

Siku ya kumi akaweka mia mezani.
"Kikombe."
Nikamtazama.
"Si changu. Mpe huyu."
Huyu alikuwa kijana wa magunia, mgeni, hata benchi hajalijua.
Luhende akakaa mkabala naye, magoti kwa magoti.
"Usipulize. Iache igonge meno kwanza.
Sasa ishushe. Polepole, mwanangu, nani anakufukuza?"
Kijana akaungua ulimi, akacheka, akanywa.
Nikaona koo la Luhende linapanda,
linashuka.

"Moto umezidi leo," akaniambia.
Na kweli ulizidi. Nilikuwa nimesinzia.

Tangu hapo kila alfajiri anachagua kinywa.
Wapakiaji wameshajua, wanajipitisha pitisha,
wengine wanaikunja sura wapate kuonewa huruma.
Wanaogugumia hawachagui tena.
Nikifunua birika anainama, macho kafumba,
mvuke unamlowesha nyusi.
Hamduni aliwahi kuuliza kwa utani: huo unamtoza ngapi?
Sikumjibu. Nilimnyima kashata wiki nzima.

Mimi hunywa mwisho, saa nne, jabali likishapata joto,
masalio, na chembe ya chumvi
kama alivyokunywa bibi.
Zamani nilikuwa naimwaga tu kooni, nifunge, niende.
Juzi nikajikuta nimeishikilia mdomoni,
nahesabu ladha yake: moshi, udongo, kitu kama ganda la ndizi,
na nilipoinua uso
Luhende alikuwa bado hajaondoka.
"Ehe," akasema. "Ikoje?"