Kaimu

Mkuu, ulinikabidhi ofisi Ijumaa saa tisa alasiri,
kurasa nne za makabidhiano, sahihi yako, sahihi yangu.
Ukatupa mkono mmoja mmoja, hata Kaoneka wa getini.
"Siku ishirini na nane," ukasema. "Nisahauni."
Ukapandisha Lushoto kwenye baridi na mapeasi,
na ufunguo wa droo ya mhuri
umo mkobani mwako.

Jumamosi ulipiga mara sita.
Jumapili nilikuwa harusini Chumbageni, mkono umo kwenye pilau,
ukauliza nani ameegesha pikipiki chini ya dirisha lako.
Nikanawa, nikaenda kutazama.
Ilikuwa ya fundi bomba.
Dirisha lilikuwa zima.

Unajua anayekaimu anavyokaa?
Hukaa ukingoni mwa kiti,
kama mgeni aliyekuja kudai
akaambiwa subiri.
Nikisaini, Semkiwa wa stoo anaigeuza karatasi juu chini:
"Tungemsikia mwenyewe kwanza."
Na mwenyewe unasikika, kila saa unasikika.

Wiki ya pili nikaanza kukuuliza hata sukari ya chai.
Hukunituma.
Hapo ndipo nilipojiogopa.

Siku moja simu ilipokewa na binti yako.
"Mama anakuja," akasema,
kwa sauti ya mtoto aliyesema hivyo mara nyingi.
Nyuma yake vijiko viligonga sahani.
Mlikuwa mnakula, au wao walikuwa wanakula.

Kisha siku ya kumi na saba, upepo ukaangusha mnara huko kwenu.
Usiku uleule pampu namba tatu ikakohoa, ikanyamaza,
na Makorora nzima ikaamkia ndoo tupu.
Nilikupigia mara kumi na moja.
Yule dada wa kwenye simu, kwa adabu zake zote,
akaniambia mara kumi na moja kwamba hupatikani.

Nikakaa.
Mgongo ukagusa kiti.
Nikamwita Mhina, yule fundi asiyesema,
nikamuuliza, na kwa kuwa sikuwa na jibu langu nikamsubiri.
Akasema, "Ni vali. Naijua mwaka wa pili huu."
Mbona hukusema?
Akatazama viatu vyake.
"Kikaoni mkuu hujibu kabla swali halijaisha."

Mhuri ulikuwa Lushoto.
Nikaandika kwa kalamu, kwa mkono wangu,
na mwenye duka la Barabara ya Nane akaisoma ile karatasi,
akanisoma na mimi, akatoa vali.
Saa kumi na moja alfajiri bomba likatema hewa, likatema kutu,
likatoa maji.
Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanakinga.

Nilikosea pia: vibarua niliwalipa kupita kiwango.
Limo kwenye taarifa, ukurasa wa pili. Sikulificha.

Mnara ukasimamishwa. Nikaona ujumbe wangu umefika,
nikaona umesomwa.
Hukupiga.
Siku moja, mbili, tano. Nikadhani unaumwa.

Ukarudi Jumatatu na kikapu cha mapeasi
na uso ambao sijauona miaka mitano,
uso wa mtu aliyelala mpaka akachoka kulala.
Ukasema binti yako amekufundisha kusuka ukili, unasuka vibaya.
Ukamwita Mhina. Ukamuuliza swali.
Ukanyamaza.
Ukimya ule, Mkuu, ulikuwa mrefu,
niliona jinsi ulivyouma mdomo kuulinda.

Sasa ni zamu yangu. Mei nakwenda kwetu Pangani.
Mhina atakaimu.
Ufunguo nimemwekea mezani, juu ya daftari, auone.
Simu kubwa naiacha nyumbani, nimenunua kitochi,
namba yake anayo mama tu.

Bado siku tisa,
na tayari kidole kinaniwasha
kumpigia Mhina nimuulize
kama atakumbuka kufunga dirisha.