Daftari la Kisima cha Chini

Kila Jumatatu, kabla Mwakirunge haijawasha moto wa chai,
nateremsha kamba yenye mafundo kumi na manane
mpaka jiwe ligonge chini.
Nahesabu yaliyolowa. Naandika.
Kalamu nimeifunga uzi kwenye daftari,
ya kwanza ilikwenda shule na mtoto wa Nyevu.

Januari: kumi.
Machi, masika yakisitasita: saba.
Wiki ile: manne,
na ulimi ukaonja kitu unachokijua tangu utotoni,
matope ya mikoko, maji ya hori,
yanapanda chini kwa chini
kama mgeni asiyepiga hodi.

Mchicha wa Mwaringa ukaota ukingo wa kahawia.
Bamia za Dzame zikakoma kwenye ua.
Kamati ikaketi: watu tisa, viti sita.
Mwenyekiti akasema maji hayana mwenyewe.
Chivatsi akajibu, lakini pampu inaye.
Macho yote kwa Mwaringa,
kwa bomba lake la buluu lililokatiza njia ya mbuzi.
Akaapa kwa kaburi la mamake.
Tukaguna.
Mimi nilikuwa natafuta ukurasa.

Maana Alhamisi mbili, usiku,
niliazima mashine ya mpwa wangu,
nikaizungushia magunia ya mchanga isisikike,
nikanywesha mipapai yangu hadi adhana ya alfajiri,
kwa kuwa karo,
kwa kuwa Kongowea bei ilikuwa imepanda,
kwa kuwa usiku hakuna anayehesabu.

Kamba huhesabu.
Kila Ijumaa ya wiki hizo nilipita kisimani
nikijidai kuangalia mfuniko,
na fundo la tano lilikuwa kavu, jeupe kama jino.

Faini ni shilingi mia tano na kukosa zamu mbili.
Nimeandika: Umazi wa Chengo,
kwa mwandiko uleule ninaowaandikia wengine,
tarehe, saa, kiasi.
Mwaringa alisoma kichwa chini miguu juu, ng'ambo ya meza.
Hakusema kitu. Alinisogezea kikombe chake.
Maji yalikuwa na chumvi.
Nikayamaliza.

Jumatatu iliyofuata: manne.
Jumatatu hii: manne,
na unyevu wa kidole kimoja
juu yake.
Nimeuandika pia, pembeni, kwa penseli.